Kumzuru Mgonjwa Pasipo Kumdhuru

HOTUBA YA IJUMAA, SAKANIA

(Tafadhali, usisome karatasi hii wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Enda nayo nyumbani, uwasomee na wale wasiojua kusoma. Usiitupe chini, ina jina la Mwenyezi Mungu.)

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba ugonjwa na akaumba dawa, na hakuna kitu kinachoponyesha ila kwa idhini yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ammaa baad.

Ndugu zangu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu katika siri na katika dhahiri. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kutazama haki za ndugu zetu, na katika haki hizo iko haki ya mgonjwa. Mtume (s.a.w.) ameihesabu ziara ya mgonjwa kuwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, sawa na kuitikia salamu na kufuata jeneza. Na sisi watu wa Sakania, katika haki hiyo hatujachelewa, alhamdulillahi. Mtu akilala siku mbili, nyumba yake inajaa.

Leo nataka tuseme juu ya mgonjwa mmoja ambaye kumjazia nyumba kunaweza kumuua. Naye ni ndugu yetu, baba au mama, anayetibiwa kansa kwa ile dawa ya kutiwa mshipani, ambayo wengi wetu tunaiita shimio, na Waswahili wa pwani wanaiita kemoterapia.

Wagonjwa hawa tunao. Wako wanaokwenda Lubumbashi, na wako wanaovuka mpaka, wanapita Ndola mpaka Lopitali ya Kansa ya Lusaka. Wanatiwa dawa, wanapewa siku ya kurudi, wanarejea hapa Sakania kungoja. Ni katika siku hizo za kungoja, wakiwa mikononi mwetu wala si mikononi mwa waganga wa lopitali, ndipo hatari kubwa inapowafikia. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

ASKARI WA NDANI YA DAMU

Mwenyezi Mungu amemwumba mwanadamu na ulinzi ndani yake. Katika damu yako ziko chembe nyekundu, zinazobeba hewa safi. Na ziko chembe nyeupe, nazo ni askari. Zinazaliwa ndani ya mifupa, katika uboho, mabilioni kila siku, na nyingi katika hizo haziishi ila siku chache. Wadudu wa ugonjwa wakiingia kwa mdomo, kwa pua au kwa jeraha, askari hawa wanakimbilia pale, wanapigana, na wengi wanakufa. Usaha unaouona katika kidonda ni pamoja na maiti za askari hao.

Katika askari hao liko kundi ambalo waganga wanaliita neutrofili. Hilo ndilo la mstari wa mbele. Maabara ikihesabu damu ya mtu mzima, kwa kawaida inakuta neutrofili kuanzia 1,500 na zaidi katika mikrolita moja, nayo ni sehemu ndogo kuliko tone. Kati yetu watu weusi wako wengi walio na hesabu ya chini kidogo ya hiyo na hawana ugonjwa wowote. Lakini hesabu ikishuka chini ya 1,000 mganga anaanza kuogopa, na ikishuka chini ya 500, mtu huyo ni kama mji ambao mlango uko wazi na hakuna mlinzi.

Kwa nini dawa ya kansa inashusha askari hawa? Kansa ni chembe za mwili zilizoasi, zinazozaliana haraka pasipo mpaka. Dawa inawinda kila kinachozaliana haraka, wala haiwezi kutofautisha sana. Inapiga kansa, na pamoja nayo inapiga mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomo na matumbo, na uboho unaozalisha damu. Ndiyo sababu nywele zinatoka, mdomo unapata vidonda, na askari weupe wanapungua.

Na tazama hekima ya Mola wako. Katika vita ya kwanza ya dunia, ya mwaka 1914 mpaka 1918, askari wa Ulaya walitupiana hewa ya sumu. Waganga wakaona kwamba waliopigwa na sumu ya haradali chembe zao nyeupe zinapotea. Baadaye, mwaka 1942, waganga wa chuo cha Yale kule Marekani wakamjaribu mgonjwa wa kansa ya tezi kwa dawa iliyo ndugu ya sumu ile, na uvimbe ukapungua. Silaha ya kuua ikafungua mlango wa tiba. Na karibu na kwetu, kule Kampala, Daktari Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya wa watoto wa Afrika. Mwaka 1967 likafunguliwa jengo la tiba ya kansa pale Mulago, na watoto wengi wenye uvimbe ule wakapona kwa dawa. Basi asikudanganye mtu kwamba kansa ni kifo tu. Wako wanaopona, na wako wanaoongezewa umri wa manufaa, na ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu.

SIKU ZA HATARI

Ndugu yangu unayemlea mgonjwa, jifunze kuhesabu siku. Siku ya kutiwa dawa, mgonjwa anaweza kurudi na nguvu zake, anakula, anacheka, nanyi mnasema amepona. Askari wa zamani bado wapo. Kisha wanakwisha, na uboho uliopigwa haujaleta wapya. Kwa dawa nyingi, hesabu inashuka kabisa kati ya siku ya 7 na siku ya 14. Baada ya hapo inapanda polepole, na ndiyo sababu dawa nyingi zinatolewa kila baada ya siku 21. Ziko dawa zenye hesabu nyingine, kwa hiyo muulize mganga: siku zangu za hatari ni zipi? Akikujibu, ziandike ukutani.

Mtu mwenye chembe nyeupe chache hajisikii lazima kuwa ana jambo. Anaweza kukaa kibarazani kama wewe na mimi. Haonekani, ila damu yake inajua.

HATUMKIMBII, TUNAMLINDA

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapokosea kwa pande mbili.

Kansa haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kukaa na mgonjwa, kwa kula naye wala kwa kushika mkono wake. Anayemkimbia mgonjwa wa kansa kwa kuogopa kuambukizwa, au anayesema ni bulozi, amemdhulumu. Tunapokaa mbali naye kidogo katika siku za hatari, si kwamba tunamwogopa yeye. Tunajiogopa sisi, kwa yale tunayombebea. Mafua yako ya siku tatu, kwake yanaweza kuwa homa ya mapafu. Kikohozi cha mtoto wako, tetekuwanga, au surua, ambayo mwaka 2019 ilianza kuua maelfu ya watoto katika nchi yetu, kwake ni moto katika nyasi kavu.

Yuko mama mmoja katika mtaa wetu, jina lake silitaji, aliyerudi safari ya dawa. Watu walipokwenda kumwona, mume wake akaweka kiti mlangoni, akawaambia: Salamu zenu zimefika, mama yuko dirishani, mwombeeni dua kutoka hapa. Watu wakanung'unika. Wengine wakasema yule papa amekuwa na kiburi tangu alipofika Lusaka. Mwingine akasema, hata swahaba hakufanya hivyo.

Mimi ninasema, yule mume alikuwa na fiqhi. Na juu ya masahaba, tuwaulize wao wenyewe.

Ulikuja kwa Mtume (s.a.w.) ujumbe wa kabila la Thaqif, na ndani yake alikuwako mtu mwenye ukoma, anataka kutoa ahadi ya Uislamu. Ilivyo desturi, ahadi hutolewa kwa kupeana mkono. Mtume (s.a.w.) akamtumia habari kwamba ahadi yake imekwisha kukubaliwa, na arudi. Habari hii imo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Ikiwa ahadi ya Uislamu, iliyo kubwa kuliko zote, imekamilika pasipo kushikana mkono, ziara yako wewe itapungua nini usiposhika mkono wa mgonjwa?

Mtume (s.a.w.) amekataza pia mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa ngamia wazima. Bukhari na Muslim wameipokea. Katika habari yetu, ngamia mgonjwa ni wewe mwenye mafua, hata kama unatembea kwa miguu yako, na yule aliyelala ndani ndiye anayestahili kulindwa. Na amemtaka aliyekula vitunguu saumu vibichi asiingie msikitini, kwa sababu ya harufu tu. Ikiwa harufu inamzuia mtu na nyumba ya Mwenyezi Mungu, kikohozi hakitamzuia na chumba cha mgonjwa?

Na Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akasikia tauni imeingia kule, akashauriana na watu, akarudi na jeshi lake. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari moja ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari nyingine yake, na akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye kuchagua bonde la majani akaacha bonde kavu, na yote mawili ni kadari. Basi anayefunga mlango kwa ajili ya mgonjwa wake hajapungukiwa na tawakuli.

MTI WA NABII YUNUS

Someni katika Suratus-Saffat, aya ya 145 na ya 146. Nabii Yunus (a.s.) alipotolewa katika tumbo la samaki, alitupwa ufukweni hali yeye ni mgonjwa. Wamesema wafasiri, mwili wake ulikuwa laini kama wa kifaranga, hauvumilii jua wala nzi. Mwenyezi Mungu alikuwa na uwezo wa kumpa nguvu papo hapo. Lakini aliotesha juu yake mti wa jamii ya mumunye, wenye majani mapana, umfunike mpaka apate nguvu.

Ndugu zangu, mgonjwa anayetoka kwenye shimio ametoka katika tumbo la samaki. Hana ngozi ya kuvumilia jua. Nani atakuwa mti wake? Mwenyezi Mungu anaotesha miti hiyo kwa mikono ya watu: mke, mume, mtoto, jirani. Kuwa jani moja.

NYUMBANI MWA MGONJWA

Haya ni mambo ya kufanya, na mengi ni Sunna tunazozijua.

La kwanza, mikono. Kila anayeingia aoshe mikono kwa sabuni, na mgonjwa mwenyewe aoshe kabla ya kula na baada ya choo. Mtume (s.a.w.) amemfundisha anayeamka usingizini asitie mkono chomboni mpaka ameuosha. Mwaka 2020, wakati wa korona, misikiti yetu ilipofungwa, kila nyumba ilikuwa na ndoo na sabuni mlangoni. Ndoo ile irudishe mlangoni pa mgonjwa.

La pili, maji na chakula. Maji ya kunywa yachemshwe na yafunikwe. Kufunika vyombo usiku ni amri ya Mtume wetu. Chakula kiive vizuri na kiliwe cha moto. Bukari na sombe vya jana, samaki aliyelala, yai bichi, maziwa yasiyochemshwa, siku hizo viache. Tunda lenye ganda la kumenya, lioshe kisha limenye. Maji ya Zamzam tuliyoletewa na mahujaji, kama chupa imekwisha kufunguliwa na kupita mikono mingi, yachemshe. Baraka haitoki kwa moto.

La tatu, mdomo. Asukutue kwa maji safi yenye chumvi kidogo baada ya kula. Mswaki uwe laini. Mti wa mswaki ni Sunna, lakini fizi zikiwa na vidonda au zikitoka damu, auache mpaka zipone. Aliyeuacha kwa udhuru ana nia yake.

La nne, asikatwe ngozi. Hakuna chale. Hakuna hijama katika siku hizi, hata kama hijama ni tiba ya Mtume, maana kila dawa ina wakati wake na mtu wake. Kucha zikatwe kwa uangalifu. Na kunyoa nywele za siri kwa wembe, acheleweshe. Kulinda roho ni mbele.

La tano, na hili nalisema wazi maana katika dini hakuna haya ya kuficha elimu: msimpitishie dawa kwa njia ya haja kubwa, si ya pompi wala kidonge cha kuingiza, kama mganga wake hajaruhusu. Kwetu tumezoea hivyo kwa kila homa. Lakini pale ngozi ni nyembamba, inachubuka, na wadudu wa choo wanaingia moja kwa moja katika damu isiyo na askari.

La sita, asifagie banda la kuku, asilime shamba kwa mikono mitupu, asioshe maiti. Kuosha maiti ni fardhi ya kifaya, wako wengine wa kuitimiza.

La saba, msitafute kupandisha chembe nyeupe kwa vitu vyekundu. Watu wanaleta maji ya matembele na vinywaji vya rangi nyekundu, wanasema vinaongeza damu. Chakula kizuri kinasaidia mwili, lakini hakuna kinywaji kinachoamsha uboho kwa siku mbili. Hata kuongezewa damu lopitalini kunaleta chembe nyekundu, si hao askari. Iko sindano ya chini ya ngozi, jina lake filgrastimu, inayohimiza uboho kuzalisha chembe nyeupe; mganga ndiye anayejua nani anaihitaji, nayo inaweza kuleta maumivu ya mifupa. Asali na habasoda tunaviheshimu kwa sababu Mtume (s.a.w.) amevisifu, lakini mwambie mganga kila unachokunywa. Ziko dawa za miti zinazogombana na dawa ya kansa. Kuuliza si kukosa imani.

HOMA HAINGOJI ASUBUHI

Ndugu zangu, kama mtasahau yote ya karatasi hii, msisahau hili.

Sisi hapa tumezoea homa. Mtoto akipata joto tunasema ni maleria, tunampa dawa ya maleria, tunampa parasetamoli, tunangoja kesho. Kwa mgonjwa aliye kwenye shimio, kungoja kesho kunaweza kuwa kumchimbia kaburi. Mtu asiye na chembe nyeupe hana askari wa kutoa usaha, wala wa kuleta uvimbe na wekundu. Wadudu wanaenea ndani yake kimya kimya, na alama pekee inaweza kuwa ni joto. Saa chache zinatosha kumwangusha.

Kwa hiyo nunueni kipima joto. Kiwekwe kwapani au mdomoni. Kikionyesha 38 na zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, au akilegea ghafla hata pasipo joto, inukeni saa ile ile, iwe mchana au usiku wa manane. Msimpe kwanza parasetamoli ili mwone itakuwaje, kwa sababu inashusha joto na kuficha adui, adui bado yumo.

Kama mpaka umefungwa usiku, msikae kungoja ufunguliwe ndipo mwende Ndola au Lusaka. Enda lopitali iliyo karibu, hapa hapa. Na neno la kwanza la kusema mlangoni liwe hili: Huyu mgonjwa yuko kwenye dawa ya kansa, chembe zake nyeupe ziko chini, na ana homa. Sema kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibemba, lakini liseme mbele ya kutaja jina lako. Mgonjwa wa namna hii anahitaji antibiotiki ya mshipani haraka, katika saa ya kwanza akifika. Maleria ipimwe, ndiyo, maana anaweza kuwa nayo. Lakini kipimo kikionyesha maleria, msiseme basi, tumeijua. Yote mawili yanaweza kuwa pamoja.

Na mgonjwa awe na karatasi yake siku zote: jina la dawa aliyotiwa, tarehe ya mwisho, namba ya simu ya mganga wake. Iwe pamoja na hirizi yako ya akili, yaani mfukoni, si katika sanduku lenye kufuli.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wanasema juu ya nyumba. Katika jambo hili, ufa usipozibwa usiku, asubuhi hakuna wa kujengewa.

IBADA ZA MGONJWA

Sikiliza, wewe uliye mgonjwa mwenyewe. Ijumaa imekwisha kuondolewa juu yako. Hadithi ya Tariq bin Shihab katika Abu Dawud imemtaja mgonjwa katika wale wasiolazimishwa Ijumaa. Swali adhuhuri nyumbani kwako, na thawabu ya hatua ulizokuwa unatembea ulipokuwa mzima inaandikwa, kama alivyotubashiria Mtume (s.a.w.). Ukija kwa kupenda wakati damu yako imepanda, kaa pembeni karibu na mlango, vaa barakoa, na udhu uchukue nyumbani kwa maji safi, si katika birika la wote. Nanyi mlio karibu naye, asipotoa mkono, msimtolee.

Saumu ya Ramadhani, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kuiacha na kulipa siku nyingine, katika Suratul-Baqara aya ya 184 na 185. Anayejilazimisha kufunga na dawa inamtaka anywe maji mengi, amekataa zawadi ya Mola wake.

Na aliye na bendeji ya sindano, asiifungue kwa ajili ya udhu. Amepokea Abu Dawud kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakasema hawamwoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), akawalaumu kwa ukali, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa masahaba, walitaka kulinda dini. Lakini walimpa mgonjwa hukumu ya mzima.

Tujiogope, ndugu zangu, tusije tukaitwa wauaji kwa mapenzi yetu.

Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, Yeye ni Mwenye kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Ndugu zangu, liko jambo lingine linalowavunja moyo wagonjwa wetu. Anatafuta franka kwa miezi, anauza mbuzi, anafika Lusaka, wanapima damu yake, wanamwambia: chembe zako nyeupe ni chache, rudi wiki ijayo. Anarudi hapa akilia. Wengine wanasema amekataliwa kwa sababu ni Mkongomani, wengine wanasema mkono wa mtu umefunga damu yake.

Ndugu yangu mgonjwa, hukukataliwa. Mganga amehesabu askari wako, akaona ukipigwa tena leo hutasimama. Wiki ile ya kungoja ni uboho wako unafanya kazi. Muulize mganga kama unaweza kupimwa hesabu ya damu Ndola au Lubumbashi siku chache kabla ya safari, na majibu yakapelekwa kwake kwa simu, ili usipoteze nauli bure. Wala kushuka kwa chembe si alama ya imani ndogo. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua naye ni Nabii, na alipoambiwa apige ardhi kwa mguu wake, maji yakatoka akaoga na kunywa. Mwenyezi Mungu alimponya kwa sababu, naye alipiga kwa mguu ule dhaifu aliokuwa nao. Na wewe piga kwa ulio nao.

Na upweke wa siku zile, usiuone kuwa umetupwa. Watu wakikupungukia, dhikri haikupungukii.

Nasi wengine, je, tuache kumtazama? Hapana. Ziara ibaki, sura yake ibadilike. Katika siku za hatari, mtu mmoja aende kwa niaba ya nyumba kumi, awe mzima, asiwe na mtoto mgongoni, asikae zaidi ya dakika chache. Sunna yenyewe ni kufupisha. Wengine wapige simu, au wasimame dirishani waombe dua. Akina mama wa jumuiya wagawane siku za kumpikia chakula cha moto na kumchotea maji, maana anayelea naye anachoka. Vijana wenye pikipiki, wawili au watatu, waache namba zao kwa familia, kwa ajili ya usiku wa homa. Na franka ambayo ungenunulia soda ya kumpelekea, itie katika sanduku la Ijumaa: inunue kipima joto, sabuni na nauli. Baada ya siku za hatari, damu ikipanda, enda ukae naye, umfurahishe. Yeye pia ana hamu na watu.

Anayemzuru mgonjwa, Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba malaika elfu sabini wanamwombea mpaka jioni au mpaka asubuhi. Tumeahidiwa hayo kwa kumzuru, na kumdhuru ametukataza.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na wanaojificha. Wape nguvu ndani ya mifupa yao, uzidishe askari wa damu yao, uwalinde katika siku za udhaifu wao kama ulivyomlinda mja wako Yunus ufukweni. Wape subira wanaowalea. Waongoze waganga na mikono ya wanaowatia dawa. Warahisishie njia wanaovuka mipaka kutafuta tiba. Warehemu waliotangulia kwa ugonjwa huu. Ipe amani nchi yetu ya Kongo na nchi za Waislamu na za watu wote.

Amin.

Simameni kwa swala, Mwenyezi Mungu awarehemu.